ZIWA GATUN NA BWAWA LETU: MAJI YANA HESABU YAKE



Haya ndiyo mazungumzo tuliyoyasoma kwenye mkutano wa tawi Jumapili. Tunayatuma hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani na waliokuwa msibani. Tunaomba kila mmoja ayasome kabla ya Jumamosi, siku ya mkutano mkuu wa kijiji utakaojadili bwawa.

Wapo waliouliza: bwawa letu ni la ng'ombe na bustani, Panama inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu wenzetu wameishi na bwawa kwa zaidi ya miaka 100. Makosa yao walishayalipia. Sisi tunaweza kujifunza bure.

Ziwa Gatun lilitengenezwa na watu. Wamarekani waliokuwa wakijenga Mfereji wa Panama waliuziba mto Chagres kwa tuta kubwa la udongo, kazi iliyokamilika mwaka 1913. Maji yakajaa bondeni, zaidi ya kilomita za mraba 400. Meli inayotoka Atlantiki huingia kwenye vyumba vyenye malango, ikapandishwa kwa maji hatua tatu hadi mita 26 juu ya usawa wa bahari. Husafiri ziwani kilomita 33, kisha huteremshwa upande wa Pasifiki. Vilele vya vilima vimekuwa visiwa, na watalii huenda huko kuvua kwa ndoano kwa starehe yao.

Ukitazama picha utaona neema tupu. Sasa tufungue daftari.

Upande wa mapato kuna mvua. Upande wa matumizi kuna wengi. Meli moja ikipita kwenye malango ya zamani, takriban lita milioni 200 za maji baridi humwagika baharini, na hazirudi. Ziwa hilohilo, pamoja na ziwa Alajuela lililo juu yake, hutoa maji ya kunywa kwa zaidi ya nusu ya wananchi wa Panama.

Mwaka 2023 mvua zilikosa. Mamlaka ya Mfereji ilipunguza meli kutoka takriban 36 kwa siku hadi 22 mwezi Desemba. Foleni ikawa ndefu. Novemba, kampuni moja ililipa karibu dola milioni 4 kwenye mnada ili meli yake itangulie, mbali na ushuru wa kawaida. Mvua ziliporudi mwaka 2024, meli ziliongezeka tena. Tunachokiona hapo ni kwamba maji yakipungua, mwenye fedha hutafuta njia ya kutangulia. Lakini wenzetu wana jambo moja la kuiga: kina cha ziwa hupimwa kila siku na kutangazwa. Hakuna anayeambiwa maji yapo wakati hayapo.

Jambo la pili ni watu. Bonde la Chagres halikuwa tupu. Kulikuwa na miji kama Gorgona na Matachín, yenye nyumba, maduka na makaburi. Mwaka 1912 ilitoka amri ya kuwaondoa wakazi katika eneo lote la Mfereji, na wengine waliondolewa hata pale ambapo maji hayakufika. Leo unapangwa kujengwa bwawa jingine kwenye mto Indio ili kuongeza maji, na takriban watu 2,000 watalazimika kuhama. Wakulima wa huko wameandamana. Miaka 100 imepita na swali ni lilelile: nani analipa kwa ardhi yake ili mwingine apate maji?

Jambo la tatu ni samaki. Miaka ya 1960 samaki mmoja wa Amerika ya Kusini, ambaye wenyeji humwita sargento, alitoroka kwenye bwawa la mtu binafsi akaingia ziwani. Ni mtamu, na ndiye watalii wanayemfuata. Lakini utafiti wa Thomas Zaret na Robert Paine wa mwaka 1973 ulionyesha kuwa samaki wengi wa asili walitoweka kila alikofika. Sisi tunaomjua sangara wa Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ndugu wanachama, tawi linaunga mkono bwawa. Kina mama wetu wanaamka saa kumi usiku kufuata maji, na kiangazi kilichopita mifugo ilikufa. Lakini miongoni mwetu wapo wanaolima bondeni, na wapo waliozika wazazi wao huko. Hao ni wanachama kama sisi. Hatutaki wasikie habari za mashamba yao kutoka kwa dereva wa katapila.

Kwa hiyo Jumamosi tutasimama na mambo manne:

1. Majina ya kaya zote za bondeni na fidia ya kila moja yasomwe hadharani, na fidia ilipwe kabla ya kazi kuanza.

2. Utaratibu wa kiangazi uandikwe sasa: maji ya kunywa kwanza, mifugo pili, bustani tatu. Nafasi isiuzwe.

3. Kipimo cha kina kiwekwe bwawani, na kila mwezi kina pamoja na fedha za kamati ya maji vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

4. Mtu yeyote asipandikize samaki bila ushauri wa ofisa uvuvi.

Hilo la tatu tunalisema kwa aibu. Mwaka jana tulichanga fedha za kisima na hadi leo hesabu yake haijasomwa. Sisi ofisi ya tawi tulinyamaza, na kosa hilo ni letu. Hesabu hiyo itasomwa Jumamosi kabla ya ajenda ya bwawa, na risiti zitakuwepo mezani. Hatuwezi kudai daftari la wengine huku letu limefungwa.

Tufike saa tatu asubuhi. Walio bondeni wakae mbele, wazungumze kwanza.



Imetolewa na:
Katibu wa Tawi