Umepewa Misri, Semea Misri

(Haya ni maneno ya mmoja wa walezi wa vijana, aliyoyasema baada ya swala ya Alasiri mjini Nyamira mbele ya wanafunzi wanaojiandaa kwa mkutano wa kuigiza Umoja wa Mataifa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Vijana wangu, na nyinyi wazazi mliokuja nao, nawashukuru. Najua saa hizi tumbo limeanza kuuliza maswali, na harufu ya sambusa inatoka kule kwa kina mama. Sitawaweka sana.

Baadhi yenu mtakwenda kwenye mkutano ambao wanafunzi wanaigiza vikao vya Umoja wa Mataifa. Kwa mzazi asiyejua, mambo yenyewe ni hivi: kila shule hupewa nchi, na wanafunzi huwa wajumbe wa nchi hiyo. Wanakaa kwenye kamati, wanajadiliana, wanaandika azimio, kisha wanapiga kura. Kwa shule za sekondari za kwetu, unaojulikana sana ni ule wa Afrika Mashariki uitwao EAMUN, unaofanyika Gigiri, Nairobi, katika majengo yenyewe ya Umoja wa Mataifa.

Mwalimu akileta orodha, kila mtu hukimbilia kuuliza, "Tumepewa nchi gani?" Ikiwa ni Marekani, mnapiga makofi. Ikiwa ni nchi msiyoipenda, mnanuna. Leo nataka kuzungumza na huyo aliyenuna, kwa sababu mimi nilikuwa yeye.

Nilikuwa kidato cha tatu, miaka michache baada ya Kenya kutia saini, Mei 2010, ule mkataba wa Entebbe juu ya maji ya mto Naili. Tukapewa Misri, na mada ni maji hayohayo. Mimi nikajiona bingwa. Mimi ni mtoto wa huku bwana! Mto Gucha unaanzia kwenye vilima vyetu, Sondu unapita mpakani kwetu, na yote miwili inamwaga maji Ziwa Victoria, na ziwa ndilo linalotoa Naili. Nani atanifundisha habari za maji?

Basi sikusoma. Zamu yangu ilipofika nikasimama, kibao cha Misri mbele yangu, nikasema kwa sauti kubwa kwamba mkataba wa mwaka 1929 ulifanywa na Waingereza waliokuwa wakitutawala, na kwamba si haki nchi iliyo chini kuzipangia nchi za juu. Makofi yakalia. Nikakaa nikitabasamu. Akasimama msichana mmoja, mjumbe wa Ethiopia, akasema kwa adabu sana: "Ethiopia inaishukuru Misri kwa kukubaliana nasi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenzangu wa shule alikuwa ameficha uso kwa daftari.

Usiku ule bwenini nikasoma nilichopaswa kusoma wiki mbili kabla. Nikakuta kwamba Misri hupata zaidi ya asilimia 90 ya maji yake kutoka Naili. Mvua yake ni kidogo mno. Sisi Nyamira mvua ikikosa wiki mbili tunaanza kulalamika. Kule kuna watu waliozeeka na mvua walizoziona wanaweza kuzihesabu. Nikasoma kwamba mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji, Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, na nchi za juu hazikuulizwa. Nikasoma pia kwamba maji mengi yanayofika Misri, kama asilimia 85, yanatoka milima ya Ethiopia, ambako bwawa kubwa lilianza kujengwa mwaka 2011. Sikuacha kuona kwamba mkataba wa kikoloni una dhuluma ndani yake. Lakini kwa mara ya kwanza nilielewa hofu ya Mmisri. Kesho yake nilizungumza vingine, na yule msichana hakupata la kunishukuru.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaokwenda.

Kwanza, isome nchi kabla ya kusoma mada. Usiulize tu inataka nini. Uliza inaogopa nini, na ni jambo gani haiwezi kuliachia hata ikibanwa. Ukijua hayo matatu, mtu akikurushia swali la ghafla hutababaika.

Pili, andika waraka wa msimamo, ukurasa mmoja tu. Kisha hotuba ya dakika moja. Ndio, dakika moja! Jipime kwa simu. Simama mbele ya ndugu yako mtundu, yule anayependa kukatiza, ufanye mazoezi. Kama Kiingereza cha mikutano hiyo kinakusumbua, panga mawazo yako kwanza kwa Kiswahili au kwa Ekegusii. Fikra iliyonyooka haikosi maneno.

Tatu, jifunzeni uzito wa maneno ya azimio. Baraza Kuu hupendekeza na kuhimiza. Kwa mambo kama haya haliwezi kuilazimisha nchi. Baraza la Usalama ndilo linaloweza kutoa amri ya kufungamanisha, na huko mataifa matano yana kura ya turufu. Wajumbe wengi hupoteza azimio zuri kwa sababu ya neno moja kali lisilo na faida.

Hapo mkumbuke Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra. Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, alikataa mkataba usiandikwe jina la Mtume (S.A.W.) kwa cheo cha Utume. Masahaba walikasirika. Mtume akakubali liandikwe jina lake na la baba yake, Muhammad bin Abdullah. Utume wake haukupungua hata chembe, na amani ikapatikana. Jua lipi ni msingi wako na lipi ni wino tu.

Nne, mazungumzo ya pembeni. Azimio halitengenezwi pale kwenye kipaza sauti, linatengenezwa wakati wa mapumziko, watu wameshika sahani. Ikiwa umefunga, usijifiche kwenye kona. Keti nao, na kalamu yako na karatasi. Utaulizwa kwa nini huli; jibu kwa tabasamu, kisha rudi kwenye kifungu cha tatu. Na mapema asubuhi mwambie mwenyekiti wa kamati saa utakazotoka kuswali. Ukimwarifu kwa heshima, huna sababu ya kuchelewa wala kutoroka.

Kuna kijana aliniuliza juzi, "Ustadh, nikitetea jambo nisiloliamini, si nitakuwa nasema uongo, tena nina swaumu?" Swali zuri sana. Hapo hakuna anayedanganywa. Kibao kiko mbele yako, kila mtu anajua wewe ni mtoto wa Nyamira unayesemea Misri. Lakini ukibuni takwimu ili ushinde, huo ni uongo, na kibao hakikuokoi. Umepewa amana ya kusema maneno ya mtu asiyekuwepo. Usiyapunguze wala usiyaongeze.

Na msidhani kazi hii si ya vijana wa kwetu. Salim Ahmed Salim wa Zanzibar alipelekwa kuwa balozi huko Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwaka 1979 alichaguliwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na tangu 1989 hadi 2001 aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika akiwa Katibu Mkuu. Miaka 22! Wengine wenu mna kaka wa umri huo ambaye bado anaulizwa kama amelisha ng'ombe.

Lakini, ndugu zangu, sikuja kuwafundisha kushinda cheti tu. Naili iko mbali. Mpaka wa Borabu na Sotik uko hapa.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, tuliona Chepilat ikiteketea. Watu waliokuwa wakinunua katika soko moja wakawa wanatafutana kwa mishale na mapanga. Katika nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Ikabidi aje Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akae na wakubwa hadi tarehe 28 Februari walipotia saini. Walikubaliana mezani Nairobi. Je, huku chini nani aliketi na nani? Nyinyi wengine mlikuwa hamjazaliwa, lakini ng'ombe mmoja akiibwa usiku, mnasikia asubuhi maneno yanayosemwa juu ya jirani. Yote ni ya upande mmoja.

Hebu nijibuni kwa ukweli. Ni nani hapa anayeweza kusimama dakika moja akaeleza mpaka ule anavyouona Mkipsigis? Si kumkejeli. Amweleze hivi kwamba Mkipsigis mwenyewe akisikia, aseme, "Naam, ndivyo." Nanyi mkiwa na rafiki wa upande wa pili, mwombeni naye ausemee upande wetu. Mtashangaa ni mangapi hatujawahi kuulizana.

Kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani, kuanzia leo hadi Idd. Kila mmoja atafute mtu mmoja aliyegombana naye: ndugu, jirani, au mwenzake darasani. Aandike dakika moja ya maneno ya huyo mtu, kama ndiye mjumbe wake. Kisha ampelekee asome, amuulize, "Nimekusema sawasawa?" Akisema hapana, arudie tena. Akisema ndiyo, nadhani nusu ya ugomvi itakuwa imekwisha kabla hujaomba msamaha, na msamaha wenyewe utakuwa mwepesi kuuomba.

Ukiweza hilo hapa Nyamira, Gigiri haitakutisha.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, azilinde ndimi zetu, na atujaalie majirani wema nasi tuwe majirani wema. Haya, nasikia tende zimeanza kupangwa. Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.