Ujira wa Haki kwa Mtaalamu Atuteteaye
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kagondo)



Leo chama chetu kinatimiza miaka 10. Wenzetu wamekwisha kusema habari za mavuno na za masoko. Sisi tumepewa neno ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana kuwa mbali na shamba: ujira wa saa wa wataalamu wanaotoa hoja wakati bei za umeme na maji zinapopangwa.

Ndugu zetu, jambo hili liko mlangoni petu. Mashine za kukoboa kahawa huendeshwa kwa umeme. Taa anayosomea mtoto huwashwa kwa umeme ambao mama yake ameununua kwa LUKU. Bei ikipanda, mkulima hupungukiwa, hata kama kilo za kahawa yake ni zile zile.

Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 imeagiza taftishi ifanywe kabla ya bei kupangwa, ili wahusika wote wasikilizwe. Sheria hiyo hiyo iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji, nalo lina kazi ya kutusemea. Twaishukuru nafasi hiyo. Lakini tuangalie jinsi watu wanavyofika katika baraza hilo la taftishi. Shirika lenye kuomba bei huja na mhasibu, mhandisi na wakili. Mishahara yao imo katika gharama za shirika, na gharama hizo zimo katika bei. Kwa hiyo sisi ndio tunaowalipa. Mkulima naye huja kwa nauli yake, husema ya kuwa bei ni kali, kisha huketi. Amesema kweli, lakini hesabu za shirika hazijajibiwa.

Mwaka 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei kwa wastani wa asilimia 18.19. EWURA ilikubali asilimia 8.5 hivi, nayo Serikali ikalisitisha ongezeko hilo. Kati ya 18 na 8 hapakuwa na kelele tu. Palikuwa na hesabu za mafuta, mitambo na madeni. Asiyeweza kuzisoma hesabu hizo hawezi kuzipunguza.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Ushirika wa Bukoba ulipata umoja wake mwaka 1950, na katika ushirika mnunuzi wa kahawa hafai awe ndiye peke yake asomaye mizani. Mizani ya leo ni kitabu cha hesabu za umeme, nasi twahitaji msomaji wetu.

Basi alipwe kiasi gani? Tukimlipa kidogo mno, fundi hodari atakwenda upande wa shirika, nasi tutabaki na mwanafunzi. Tukimlipa kupita kiasi, watakuja wanaopenda saa kuliko kazi.

Huko California, nchini Marekani, wamelishughulikia swali hili tangu miaka ya 1980. Mtetezi wa wateja huandika kila saa aliyofanya kazi. Tume ya huko hupima kama hoja zake zimesaidia kweli kufikia uamuzi, zisiposaidia, halipwi. Ujira wake hulinganishwa na ule wanaolipwa watu wenye elimu na uzoefu kama wake, wala haupiti ule unaolipwa na Tume au na shirika kwa kazi ya namna hiyo. Mwezi wa Desemba 2020 Tume hiyo ilipitisha utaratibu mpya wa viwango, uliopangwa kwa aina ya kazi na miaka ya uzoefu. Saa za safari zinapokubaliwa hulipwa nusu. Shirika ndilo litoalo fedha, nalo huzirudisha kupitia bei.

Wengine watauliza: je, bei haitapanda kwa ajili ya ujira huo? Tuseme, kwa mfano tu, mtaalamu amefanya kazi saa 60, kwa Sh. 50,000 kila saa. Jumla ni Sh. 3,000,000. Wateja wa TANESCO wamepita milioni 3. Hakuna atakayetoa zaidi ya shilingi 1.

Wengine watahofu kwamba alipwaye na shirika atalitumikia shirika. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana kiwango na amri ya malipo havina budi kutoka kwa Mamlaka, na shirika lisiwe na neno la kuongeza wala kupunguza.

Kwa hiyo twatoa shauri kwamba Halmashauri ya chama iandike waraka kwa Baraza la Ushauri na kwa EWURA, kuomba kanuni yenye mambo manne: saa ziandikwe, kazi ipimwe kwa msaada wake, ujira ulingane na ule wa mtaalamu wa shirika, na Mamlaka ndiyo iamuru malipo. Nasi tuanze nyumbani: tunapomtuma mtu kututetea, tumpe daftari la saa, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano mkuu.

Ndugu Wanachama, kila mtu hapa ajua ujira wa kibarua wa kupalilia kahawa, na ajua kuwa kazi isiyolipwa haidumu. Haki tunayompa mwenye jembe tumpe na mwenye kalamu atuteteaye.

Umoja ni nguvu.