Ada za Kadi Katika Ununuzi wa Tiketi za Ndege



Zamani chama kilichotaka kumpeleka mjumbe wake ng'ambo kilimtuma karani mjini na hundi, naye akarudi na tiketi pamoja na stakabadhi yenye kiasi kile kile kilichoandikwa katika hundi. Siku hizi katibu huketi mbele ya kompyuta ya ofisi, akafungua tovuti ya shirika la ndege, akaandika namba za kadi ya benki ya chama, na kazi ikaisha kwa muda mfupi. Lakini taarifa ya benki ya mwisho wa mwezi hufika ikiwa na kiasi kinachozidi kile kilichoidhinishwa na Bodi. Hapo ndipo minong'ono huanza, na katibu ambaye hakula hata senti moja hutazamwa kama mwizi.

Ziada hiyo ina milango miwili, na haifai kuichanganya.

Mlango wa kwanza ni benki iliyotoa kadi. Malipo yakifanywa kwa fedha za kigeni, benki nyingi hutoza asilimia fulani, mara nyingi kati ya 1 na 3. Ada hii imo katika orodha ya gharama za benki, ambayo katibu anaweza kuiomba tawini kabla ya kulipa. Wanaoiomba ni wachache mno.

Mlango wa pili una hila zaidi. Tovuti ikitambua kwamba kadi imetolewa Tanzania, huenda ikauliza kwa upole kama mteja angependa kulipa kwa shilingi. Nani asiyependa kulipa kwa fedha ya nchi yake? Pengine jibu la kukubali limekwisha kutiwa alama hata kabla mteja hajasoma. Lakini kiwango kinachotumika hapo hakikupangwa na benki ya chama. Kimepangwa na muuzaji pamoja na wakala wake wa malipo, na faida yao imo ndani. Umoja wa Ulaya uliona jambo hili kuwa zito hata ukatunga kanuni mwaka 2019, iliyowalazimu wenye huduma hiyo, tangu Aprili 2020, kuonyesha ziada yao kwa asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Kinga hiyo ni ya kadi za kwao. Mwenye kadi ya Moshi au Mbinga hujilinda mwenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa kahawa kinachompeleka mjumbe kwenye maonyesho kwa nauli ya dola 900. Dola moja ikiwa shilingi 2,600, nauli ni shilingi 2,340,000. Ada ya benki ya asilimia 3 ni shilingi 70,200, na jumla ni 2,410,200. Katibu akikubali kulipa kwa shilingi, na muuzaji akahesabu dola kwa shilingi 2,730, nauli inakuwa 2,457,000. Katibu atajifariji kwamba walau ada ya benki ameiepuka. La. Muuzaji akiwa nje ya nchi, zipo benki zinazotoza ada hata kwa malipo ya shilingi, kwa kuwa yamevuka mpaka. Ikiongezwa asilimia 3, yaani shilingi 73,710, jumla inafika 2,530,710. Zimepotea shilingi 120,510 kwa kubonyeza mahali pasipofaa.

Kwa hiyo katibu achague fedha ile ile iliyotajwa katika nauli, na aiachie benki kazi ya kubadilisha. Kampuni za Visa na Mastercard hutangaza viwango vyao katika tovuti zao, na kulinganisha hakuchukui dakika tano. Chama chenye akaunti ya dola na kadi yake kilipie kwa kadi hiyo nauli ya dola, wala kisiitumie kwa nauli ya shilingi au ya yuro, maana dola zitabadilishwa bila sababu. Iulizwe pia ofisi ya shirika la ndege au wakala aliyepo nchini, anayepokea shilingi kwa hundi au kwa uhamisho wa benki. Wakala ana ada yake, lakini jumla yake pengine ni ndogo. Kununua kwa mtandao si fahari.

Upande wa vitabu, muhtasari wa Bodi utaje nauli kwa fedha yake, pamoja na ukomo wa ada kwa shilingi. Ukurasa wenye bei na kiwango uchapishwe kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, kisha uambatanishwe na hati ya malipo. Ujumbe wa simu unaofika siku ya kulipa usitumiwe kuandikia daftari la fedha, kwa sababu kiasi huweza kubadilika benki inapokamilisha malipo siku chache baadaye. Kifuatwe kilichomo katika taarifa ya benki. Safari ikifutwa na nauli ikarudishwa, hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kurudishwa, na ada ya benki huenda isirudi. Upungufu huo uandikwe peke yake, na barua ya shirika la ndege iwekwe katika jalada hilo hilo, ili mkaguzi aikute.