Mbunge Ametoka Nyumba Gani?



Husikika mara kwa mara lawama kwamba wabunge hujipangia mishahara minono. Lawama hizo zina haki yake. Hata hivyo, hapa Uingereza mshahara wa mbunge ndio uliomfungulia mlango mtu wa kipato kidogo. Kabla ya mwaka 1911 mbunge wa kawaida hakulipwa kitu. Aliyemudu kukaa London bila ujira alikuwa mwenye mashamba, mwenye kiwanda au wakili. Mfanyakazi alitegemea mchango wa chama chake cha wafanyakazi, na mwaka 1909 mahakama ikavikataza vyama hivyo kutumia fedha zao kwa siasa. Miaka miwili baadaye ukawekwa mshahara wa pauni 400 kwa mwaka.

Je, watu hao walipoingia, kilibadilika nini? Tuutazame mwaka 1906, chama cha Labour kilipopata viti 29. Miongoni mwa walioshinda alikuwemo seremala, William Tyson Wilson. Muswada alioupeleka haukuhusu reli wala ushuru wa forodha, bali chakula cha mtoto shuleni. Ulipitishwa mwaka huohuo, ukaziruhusu serikali za mitaa kuwalisha wanafunzi wenye njaa. Njaa yenyewe haikuwa siri. Ripoti zake zilikwisha kuandikwa. Lakini aliyesoma ripoti si sawa na aliyemwona mtoto wa jirani akienda shule tumbo tupu.

Mfano mkubwa zaidi ni Aneurin Bevan. Aliingia katika mgodi wa makaa ya mawe huko Wales angali kijana mdogo, na baba yake alikufa kwa maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la mgodini. Mjini kwao Tredegar wafanyakazi walikuwa wakikatwa fedha kidogo katika ujira wao ili wote watibiwe. Alipokuwa Waziri wa Afya, Bevan aliupanua utaratibu wa namna hiyo hadi nchi nzima, na tarehe 5 Julai 1948 matibabu yakawa bure kwa kila mtu.

Nasaba, hata hivyo, haitoi hakikisho. Philip Snowden, mtoto wa mfumaji, ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha mwaka 1931, malipo ya wasio na kazi yalipopunguzwa kwa asilimia 10. Naye Lord Ashley, mtoto wa ukoo wa kitajiri, ndiye aliyepigania sheria ya 1842 iliyowatoa wanawake na watoto wadogo migodini.

Mwaka 1979, wabunge wapatao 16 katika kila 100 walikuwa wamewahi kufanya kazi za mikono. Kufikia 2015 walibaki kama 3. Mshahara upo, tena mzuri. Ila huanza kulipwa baada ya ushindi, na miezi ya kampeni mgombea hujigharimia mwenyewe.