BIASHARA SI DUKA TU
(Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa mabehewa katika mkutano wa tawi, Nairobi)



Mimi si mtu wa hotuba. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na tangu hapo mwalimu wangu amekuwa spana. Lakini Katibu aliniomba niseme habari za biashara, kwa sababu kila mwisho wa mwezi watu humwendea wakiuliza, “Nikitoka kazini nifanye biashara gani?” Na kabla hajajibu, wamekwisha kujijibu wenyewe: nitafungua duka, au nitanunua matatu.

Nitaanza na matatu, maana iliingia nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo. Reli ilipokodishwa mwaka 2006, wafanya kazi maelfu walipunguzwa, naye alikuwa mmoja wao. Akapata malipo yake, fungu la pesa ambalo hakuwahi kulishika maishani. Mwezi haukuisha akanunua matatu kuukuu ya abiria 14, na pesa zilizopungua akakopa. Baba alijua bendera na taa, na kitabu chake cha safari hakikuwa na kosa. Gari hakujua hata kuliendesha. Basi akaajiri dereva na utingo, akakaa nyumbani akingojea hesabu ya jioni. Jioni aliletewa pesa kidogo na hadithi nyingi: leo tairi, leo askari, leo abiria hawakuwapo. Hakuwa na njia ya kujua hadithi ipi ni ya kweli. Kisha Januari 2008 zikaja ghasia za baada ya uchaguzi. Hata njia ya reli iling’olewa pale Kibera. Gari likasimama wiki nyingi, lakini mkopo haukusimama. Mwaka ule ule gari likauzwa kwa bei ya chuma, na dada yangu mdogo akatoka shule akiwa kidato cha pili. Hakurudi tena.

Sisemi haya kwa kuichukia matatu. Tangu Mzee Kenyatta alipoziruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila ile leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikitakiwa, watu wengi wamejenga nyumba kwa matatu. Lakini mtazame aliyefaulu. Mara nyingi utamkuta alianza akiwa dereva, au fundi, mtu ambaye injini ikikohoa yeye husikia kabla ya utingo kuleta hadithi.

Sasa msikilizeni mwenziwe baba. Huyu alikuwa karani wa stoo, akapunguzwa siku ile ile. Hakununua cho chote. Alimwendea mtu mwenye duka la misumari, rangi na saruji, akamwambia, “Mali yako inapotea na wewe hujui inapotelea wapi. Niruhusu siku tatu kila wiki nikuhesabie.” Miaka yote ya reli kazi yake ilikuwa kupokea mzigo, kuuhesabu, kulinganisha na karatasi na kuandika. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akiandika vitabu vya maduka matatu. Hakuwa na duka hata moja, na watu wenye maduka walimwita mzee.

Ndiyo maana nasema biashara si duka tu. Yuko anayenunua, yuko anayebeba, yuko anayetunza stoo, yuko anayeandika hesabu, yuko anayetembea kumtafutia mwenye kiwanda wateja akilipwa kamisheni. Yuko anayeamka saa kumi za usiku kwenda Marikiti kununua nyanya kwa kreti na kuwagawia mama wa vibanda kabla jua halijachomoza. Wakala wa M-Pesa, ambayo ilianza mwaka 2007, naye ni mfanya biashara, ila ajue kwamba mali yake ni pesa zenyewe: awe na za kwenye simu na za mkononi pia, na kibanda chenye mlango wa nguvu.

Kijana apendaye hesabu anaweza kufanya mitihani ya KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, akisoma jioni baada ya kazi. Na wewe mchomeleaji uliyefunzwa karakanani bila karatasi yo yote, kuna mtihani wa ufundi wa NITA. Ukipita utapata cheti, na mwenye kandarasi hatakuuliza ulisoma wapi. Na tafadhali, ndugu zangu, vyuma vya reli si mtaji. Naona wengine wanacheka. Walinzi hawatacheka.

Sasa duka. Mke wangu alifungua kibanda mwaka 2019, na mimi niliyeona ya baba nilijidhani mjanja. Chukueni hesabu ndogo. Tuseme umenunua bidhaa kwa shilingi 1,000, ukaziuza kwa shilingi 1,200. Utasema umepata 200. Lakini boda boda iliyozileta ilichukua 80, na kodi ya kibanda kwa siku ile ni 70. Umebaki na 50. Jirani akija na mtoto mgongoni, akachukua bidhaa ulizonunua kwa 100 na asilipe, faida ya siku mbili imekwenda. Nawe mwenyewe ukitwaa sukari ya nyumbani bila kuandika, wewe pia ni jirani asiyelipa.

Sisi tuliandika madeni ya majirani kwenye daftari moja, ya kwetu hatukuandika. Katika miezi saba rafu zilikuwa tupu, na kila mmoja wetu alimshuku mwenziwe. Siku ya kugombana tulikaa chini tukahesabu mpaka usiku. Nusu ya mali tulikuwa tumeila wenyewe. Tulianza upya na daftari mbili, mke wangu akijilipa mshahara mdogo kila Jumamosi na kununua sukari yake kama mteja mwingine. Kibanda kingali kipo.

Jambo la mwisho ni mtaji. Akiba ya ushirika wetu si pesa ya kujifunzia. Mara nyingi ushirika hukopesha hata mara tatu ya akiba ya mtu, na wadhamini wako ni hawa mlioketi nao benchi moja. Ukianguka, mshahara wao ndio utakatwa. Kwa hiyo jaribu kwanza ukiwa bado kazini, kwa pesa ambayo ikipotea watoto watakula. Siku zako za mapumziko nenda ukasimame katika biashara unayoitaka, hata kwa kubeba magunia, uone bei zinavyopanda na kushuka.

Bwana Mwenyekiti, daftari zetu zote mbili za mwaka ule nimezileta, na ile ya kwanza yenye aibu pia. Ziko hapa mezani. Anayetaka kuzitazama na aje mbele, lakini naomba maswali yawe mafupi, maana zamu yangu inaanza saa kumi na mbili.