Bahari Inapochachuka

Mwaka 2007, katika ghuba ya Netarts jimboni Oregon, Marekani, mabuu ya chaza yalikufa kwa mamilioni kwenye matangi ya kituo cha uzalishaji cha Whiskey Creek. Wenye kituo walidhani ni bakteria. Wanasayansi walipoyapima maji, wakakuta chanzo ni bahari yenyewe: hewa ya ukaa ya magari na viwanda huyeyuka majini na kuyatia tindikali. Buu la chaza, dogo kuliko punje ya mchanga, likashindwa kujenga gamba.

Dawa ya haraka ilikuwa kutia magadi kwenye maji ya matangi, yapunguze tindikali. Naam, magadi, ndugu wa yale yanayolainisha maharage jikoni.

Jimbo jirani la Washington lilichukua hatua. Mwaka 2012 gavana Christine Gregoire aliunda jopo la wanasayansi, wafugaji wa chaza na viongozi wa makabila ya wenyeji, likatoa mapendekezo 42. Mwaka uliofuata, bunge la jimbo likaanzisha kituo cha utafiti katika Chuo Kikuu cha Washington. Maboya yenye vipimo yakatiwa baharini, na mfugaji leo huangalia hali ya maji kabla ya kuyavuta tangini. Hiyo ni kazi ya kupongezwa.

Lakini bahari nzima haitiwi magadi. Jopo lenyewe lilitaka hewa ya ukaa ipunguzwe, na hapo, msikilizaji, bado kazi ni kubwa.