Gazi ao Hewa? Maneno ya Kamati ya Kuku mbele ya mkutano

Sisi wa kamati ya kuku tuliombwa kueleza kwa nini kundi la tatu la vifaranga liliharibika, na kwa nini pesa ya gazi iliisha mbele ya mwezi kwisha. Tutasema yote, hata yale ya haya.

Wengi wetu tulirudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, kule Tanzania. Kule tulipika na kuni, hapa tunapika na makala. Gazi haikuwa kitu yetu. Tulipopewa shofaji mbili za gazi tulifurahi, maana kifaranga kinataka joto la digrii 32 mpaka 34 juma la kwanza, na mbabula haiwezi kushika joto sawasawa usiku kucha. Walituonyesha namna ya kuwasha. Namna ya kujua shida iko wapi, hapana.

Usiku ule mvua ilinyesha. Mama aliyekuwa zamu aliona moto umegeuka manjano na joto limepungua. Akafikiri ni baridi inaingia, akafunga madirisha yote na mabashi mpaka chini. Nani kati yetu asingefanya vile? Saa nane ya usiku kichwa kilikuwa kinamugonga, tumbo linapinduka. Vifaranga havikujirundika chini ya shofaji kama vinavyofanya vikisikia baridi, wala havikukimbilia ukutani kama vikisikia joto. Vilikuwa vimelala tu, hapa na pale, midomo wazi. Mtoto wake alikuja kumuletea chai, akamukuta amekaa chini, hawezi kusimama. Akamuvuta nje. Mama huyo ni mzima, yuko hapa mbele yenu. Vifaranga 63 vilikufa.

Asubuhi tulifanya nini? Tulikasirikia muuzaji wa gazi. Tukasema ametuuzia gazi chafu, tukamurudishia chupa yake na matusi juu, tukanunua ingine kwa mtu mwingine. Tukawasha: manjano vilevile.

Kumbe moto wa gazi unakula vitu viwili. Gazi inatoka kwa tundu dogo sana, na kwa nguvu yake ya kutoka inavuta hewa kupitia matundu ya ubavuni. Vinachanganyika ndani ya bomba, kisha vinawaka. Hewa ikitosha, moto ni bluu na sahani ya shofaji inakuwa nyekundu pande zote. Hewa ikipungua, moto unalegea, unageuka manjano, unaleta masizi, na pamoja nayo inatoka ile sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Ndiyo iliyomuangusha mama. Tulipofungua shofaji, matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na vumbi ya maranda na manyoya. Katika moja buibui alikuwa amejenga kabisa! Shofaji ilikosa hewa, na sisi tukafunga hata hewa ya nyumba.

Tulisafisha na burashi laini na pompi ya kinga. Kijana mmoja alitaka kuingiza sindano kwa tundu la gazi, tukamukataza. Tundu hilo likipanuka hata kidogo, gazi inazidi hewa, na manjano inarudi, safari hii ya kudumu. Sasa tunapuliza vumbi kila juma, shofaji ikiwa imezimwa na imepoa, na madirisha ya juu yanabaki wazi kiganja kimoja pande zote mbili, hata mvua ikinyesha.

Shida ya gazi yenyewe iko na sura ingine. Moto unabaki bluu, lakini unakuwa mdogo. Hiyo pia tuliiona, na hapo ndipo pesa ilipotea. Tulikuwa tumefunga shofaji zote mbili kwa chupa moja ya kilo 6. Mchana zinawaka vizuri, usiku zinalegea. Sisi tukasema chupa imeisha, tunabadilisha. Chupa ngapi tulirudisha na gazi ndani, hatupendi kuhesabu. Ndani ya chupa gazi ni maji. Inapogeuka mvuke inakula joto la chupa. Ukivuta nyingi, chupa inapoa, inatoa jasho nje, na presha inashuka. Butani inachoka mapema kuliko propani. Mzee wetu mmoja alisogeza mbabula karibu na chupa ili kuipasha moto. Tulikimbia wote, leo tunacheka. Sasa kila shofaji iko na chupa yake, nje ya banda, imesimama wima. Ikilazwa, gazi ya maji inaingia kwenye tiyo.

Kwa hiyo, moto mdogo: kama shofaji zinazokula chupa moja zinalegea pamoja, tazama chupa na detanderi, ile kichwa inayofungwa juu yake. Ikilegea moja tu, fuata tiyo yake. Sisi tulikuta moja imekandamizwa na tofali. Kuvuja tunatafuta na povu ya sabuni, si kiberiti. Na msitegemee pua mkiwa mmesimama, gazi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini, pale pale vifaranga viko. Moto ukizimika mara unapoachilia kifungo, kishike karibu nusu dakika mpaka kile kijiti cha shaba kipate joto. Tulisikia watu wanakifunga kifungo na waya. Waya huo unaua ulinzi wenyewe wa mashini.

Marafiki wetu wanataka kutupatia shofaji ya tatu. Aksanti sana. Lakini tunaomba kwanza tiyo mpya, detanderi mbili, na mbao za kutengeneza madirisha ya juu ya banda la pili, maana lile halina hata moja.

Kwa muuzaji tuliyemutukana, tulienda watu wanne kuomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akatuambia chupa tuliyomurudishia ilikuwa bado na nusu, na alikuwa ametuwekea.